Farasi wengi kwenye karatasi, mzigo umekwama mlimani

SAA kumi na moja alfajiri Kariakoo haina tena usingizi. Magari ya nyanya, viazi na vitunguu yaliyokesha barabarani yamejipanga Mtaa wa Tandamti na Mkunguni, makuli wanashusha, madalali wanapiga kelele za bei. Jina la eneo hili lenyewe limetokana na mzigo: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza liliweka hapa kambi ya kikosi chake cha wapagazi, na jina la kikosi hicho katika midomo ya wenyeji likawa Kariakoo. Zaidi ya miaka 100 baadaye kazi ni ileile, kubeba. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mabega ni ya injini.

Hapo ndipo linapoanza kosa ambalo limewafilisi wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi kimya kimya. Mtu amekusanya akiba, ameongeza mkopo wa SACCOS, anakwenda kununua gari la mizigo. Dalali anamzungusha kwenye gari, anafungua boneti, anamwambia: "Bosi, hii ni cc 2,700, farasi mia na sitini, inapaa." Mnunuzi anasikia namba kubwa, analipa. Miezi mitatu baadaye gari hilo limesimama katikati ya mlima likiwa na matenga ya nyanya, rejeta inachemka, na kila saa inayopita nyanya zinalainika.

Dalali hakudanganya. Farasi 160 walikuwapo. Tatizo ni kwamba farasi hao walikuwa wanapatikana mahali ambapo gari lenye mzigo haliwezi kufika. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya injini ya petroli na ya dizeli, na ni jambo ambalo kila mwenye nia ya kununua gari la kazi anapaswa kulielewa kabla ya kuuliza rangi na matairi.

Farasi na toki si kitu kimoja

Injini yoyote hutoa nguvu kwa kuzungusha shafti. Ule mkazo wa kusokota shafti, kwa lugha ya kitaalamu, huitwa toki, na hupimwa kwa newton-mita. Nguvu za farasi ni hesabu nyingine: ni toki ikizidishwa kwa kasi ya mizunguko. Kwa hiyo injini inaweza kupata farasi wengi kwa njia mbili. Ama inasokota kwa mkazo mkubwa ikiwa inazunguka polepole, au inasokota kwa mkazo mdogo lakini inazunguka haraka sana.

Mfano upo palepale Kariakoo. Kuli anayesukuma mkokoteni wenye magunia kumi anaweka mgongo wake wote, anapiga hatua fupi na nzito, lakini mkokoteni unaondoka. Kijana anayebeba kiroba kimoja kimoja akikimbia kati ya duka na stoo anaweza kumaliza magunia yaleyale kwa muda uleule, maana anakwenda na kurudi mara nyingi. Ukipima kazi ya siku nzima, wote wawili wamefanya sawa. Lakini mwambie yule mkimbiaji auondoe mkokoteni uliojaa kwenye shimo, hapo ndipo tofauti itaonekana.

Kuli wa mkokoteni ni injini ya dizeli. Mkimbiaji ni injini ya petroli.

Tazama pikapu ya Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2004, ambayo imejaa kwenye barabara za nchi hii. Ilitoka na injini ya petroli ya lita 2.7 na pia injini ya dizeli ya lita 3.0 yenye turbo. Zote mbili zina farasi karibu sawa, takriban 160. Kwenye karatasi ya mauzo zinaonekana mapacha. Lakini ile ya petroli inafikia farasi hao ikiwa kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika, na toki yake ya juu kabisa, takriban newton-mita 240, inapatikana kwenye mizunguko 3,800. Ile ya dizeli inatoa toki takriban 340, na inaanza kuitoa kwenye mizunguko 1,400 tu, yaani karibu mara tu dereva anapoachia klachi.

Hesabu yake ni rahisi. Toki ikizidishwa kwa mizunguko, kisha ikagawanywa kwa 9,550, jibu ni kilowati. Dizeli hiyo ikiwa kwenye mizunguko 1,400 tayari inatoa takriban kilowati 50, sawa na farasi 68. Petroli, hata kama ingekuwa tayari na toki yake yote ya 240 kwenye mizunguko hiyo, jambo ambalo haina, isingezidi kilowati 35, sawa na farasi 48. Kwa maneno mengine, wakati gari limejaa viazi na linaondoka kwenye tope la shambani, wale farasi 160 wa petroli wengi wao bado wamelala bandani.

Kwa nini ziko hivyo

Injini ya petroli, ambayo asili yake ni kazi ya Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, huvuta hewa iliyochanganywa na petroli, huishindilia, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko unawaka. Haiwezi kushindilia sana, kwa sababu petroli ikibanwa kupita kiasi huwaka yenyewe kabla ya wakati, na injini huanza kugonga. Kwa kawaida inashindilia mara 9 hadi 11.

Rudolf Diesel, Mjerumani mwingine, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, alichukua njia tofauti. Injini yake huvuta hewa tupu na kuishindilia kwa nguvu, mara 16 hadi zaidi ya 20, mpaka hewa ile inapata joto la kuweza kuwasha mafuta bila cheche. Ndipo nozeli inapopuliza dizeli ndani na moto unawaka wenyewe. Mshindilio huo mkubwa ndio unaokamua kazi nyingi zaidi kutoka kwenye kila tone la mafuta.

Lakini mshindilio una gharama. Pistoni, shafti na bloku lazima viwe vinene na vizito ili vihimili kishindo. Vitu vizito havipendi kukimbia. Isitoshe, dizeli inahitaji muda wa kuchanganyika na hewa na kuungua. Ndiyo maana dizeli nyingi za magari madogo hukomea mizunguko 4,000 hivi, na za malori hata chini ya 3,000, wakati petroli inapita 6,000 bila kulalamika.

Kuna tofauti ya tatu ambayo haizungumzwi sana gereji. Kwenye injini ya petroli, dereva anapokanyaga mafuta kwa kweli anafungua mlango wa hewa. Kwenye foleni mlango huo umefungwa karibu wote, na injini inahangaika kuvuta hewa kama mtu anayepumua kupitia mrija wa soda. Injini ya dizeli kwa kawaida haibanwi hewa namna hiyo. Inapumua kifua wazi wakati wote, na pedali inaamua tu kiasi cha dizeli kinachoingia. Ikiwa imesimama inanguruma tu, inalamba mafuta kidogo sana.

Uongo wa cc

Ipo imani iliyozoeleka mitaani kwamba dizeli ya cc fulani lazima ivute kuliko petroli ya cc hizohizo. Hiyo si kweli kwa dizeli isiyo na turbo, na wanunuzi wengi wa magari ya zamani wameumia hapa.

Chukua injini ya Toyota inayojulikana kwa jina la 3L, iliyofungwa kwenye Hiace na Hilux nyingi zilizotumika kama daladala na magari ya mizigo. Ina cc 2,779 na haina turbo. Toki yake ni takriban newton-mita 190 na farasi wake ni takriban 90. Injini ya petroli ya lita 2.0 ya rika lake ilikuwa na toki takriban 165 na farasi zaidi ya 100. Ukigawa kwa lita, petroli ndiyo iliyokuwa inatoa toki nyingi zaidi kwa kila lita. Dizeli ile ilivuta vizuri kwa sababu ilijengwa kubwa, na kwa sababu toki yake ilifika mapema na kukaa palepale bila kuyumba.

Turbo ndiyo iliyogeuza meza. Kwa kuwa dizeli haiogopi kugonga, inaweza kusukumiwa hewa nyingi, na hewa nyingi maana yake ni dizeli nyingi inayoungua vizuri. Ndiyo siri ya ile Hilux ya lita 3.0 kuruka kutoka toki za 190 za wazee wake hadi 340. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "cc ngapi?" peke yake. Ni "toki ngapi, kwenye mizunguko mingapi, na ina turbo au haina?" Muuzaji asiyejua majibu anauza bati, hauzi injini. Haki ilivyo, petroli za kisasa zenye turbo nazo zimeanza kuvuta kuanzia chini, lakini hizo si nyingi kwenye magari ya mizigo ya mtumba yanayonunuliwa na mkulima.

Mjini na mlimani ni kazi mbili

Hivyo basi, je, kila mfanyabiashara akimbilie dizeli? Hapana. Hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapopotosha kwa upande wa pili.

Mzunguko wa mwenye duka la vyombo Mtaa wa Congo, au mama anayechukua mboga sokoni Kisutu na kupeleka hotelini, ni wa kilomita chache kwa siku, tambarare, mzigo mwepesi, kuwaka na kuzima mara ishirini. Dar es Salaam iko usawa wa bahari na katikati ya jiji haina mlima wa kutisha. Kazi hii ni ya petroli ndogo. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya cc 660, ina toki ya takriban newton-mita 60 tu, lakini kwa kilo 350 ilizotengenezewa kubeba inatosha kabisa. Inageuka kwenye uchochoro ambao Fuso haliwezi hata kuchungulia, na spea zake zinapatikana kwa bei inayolipika.

Maafa huanza pale kirikuu hiyohiyo inapotumwa Lushoto. Gunia moja la viazi la lumbesa linazidi kilo 100, na mwenye mzigo anapakia manane. Gari lililotengenezwa kwa kilo 350 sasa limebeba zaidi ya 800, na linapandisha kutoka Mombo kwenye kona za Usambara. Injini inalazimika kukaa kwenye mizunguko ya juu kwa gia ya kwanza na ya pili kwa muda mrefu, joto linapanda, gasketi ya silinda hedi inaungua. Halafu lawama anapewa fundi, anapewa Mjapani, anapewa kila mtu isipokuwa aliyepakia.

Ukweli lazima usemwe pia kwamba petroli inaweza kupanda mlima. Gia ya kwanza huzidisha toki ya injini yoyote. Swali ni kwa gharama gani. Ili kupata nguvu, petroli lazima izungushwe haraka, na kuzungushwa haraka maana yake ni mafuta mengi, joto jingi na kusagika haraka. Dizeli inapanda mlima uleule kwa gia ya juu zaidi na mizunguko ya chini, ikiguna tu.

Kuna jambo la hewa ambalo anayejaribu gari Barabara ya Uhuru hawezi kuliona. Kadiri mtu anavyopanda juu hewa inapungua, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Njombe na Makete, yanakotoka malori ya viazi mviringo, kuna maeneo mengi ya karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Yaani gari lililoonekana lina farasi 90 Kariakoo, kule linafika na farasi 72. Likiwa ni dizeli ya zamani, pampu inaendelea kupuliza mafuta yaleyale wakati hewa imepungua, na matokeo yake ni ule moshi mweusi unaoonekana kwenye miinuko. Moshi huo ni fedha ya mwenye gari inayopita kwenye eksozi. Injini yenye turbo huumia kidogo tu, kwa sababu turbo inafidia hewa iliyokosekana.

Hesabu kabla ya hisia

Hoja ya mafuta nayo ipigiwe hesabu, isifanywe ya ushabiki. Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina nishati zaidi kwa takriban asilimia 10. Ukiongeza ule mshindilio na ule upumuaji wa kifua wazi, dizeli inaenda mbali zaidi kwa lita. Lakini gari la dizeli kwa kawaida ni ghali zaidi kununua, na pampu na nozeli zake zikiharibika mwenye gari hulala macho.

Tuseme, kwa mfano tu, kuna pikapu mbili. Ya petroli inatumia lita 12 kwa kilomita 100 na ya dizeli lita 9. Tuseme mafuta yote ni shilingi 3,000 kwa lita, na ya dizeli imeuzwa shilingi milioni 6 zaidi.

Mfanyabiashara wa kwanza anazunguka kati ya Kariakoo, Ilala na Posta, kilomita 800 kwa mwezi. Dizeli itamwokolea lita 24, yaani shilingi 72,000 kwa mwezi. Ili kurudisha zile milioni 6 atahitaji miezi 83, karibu miaka saba. Kabla ya hapo pampu itakuwa imeshadai chake.

Wa pili analeta vitunguu na viazi kutoka mikoani, kilomita 5,000 kwa mwezi. Anaokoa lita 150, sawa na shilingi 450,000. Milioni 6 zake zinarudi katika miezi 13 na siku chache. Baada ya hapo ni faida.

Gari ni zilezile, mafuta ni yaleyale, lakini uamuzi sahihi wa mmoja ni hasara kwa mwenzake. Mnunuzi aweke kilomita zake mwenyewe na bei ya mwezi huo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangazo linatenganisha petroli na dizeli. Asije mtu akadhani dizeli ni rahisi siku zote. Kuna miezi inakuwa chini na kuna miezi inaipita petroli.

Kwa anayebaki mjini ipo njia ya tatu. Injini ya petroli, kwa kuwa ina plagi, inabadilishwa kutumia gesi asilia bila kuvunjwavunjwa, na bajaji na teksi nyingi za Dar es Salaam zimeshafanya hivyo. Dizeli haina cheche, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi kubwa. Lakini mwenye gari ajue mambo mawili: gesi hupunguza nguvu ya injini kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mtungi unakula nafasi na uzito wa mzigo. Tena vituo vya gesi vimejikusanya Dar es Salaam, mikoani bado ni vya kuhesabu.

Dizeli haisamehe mafuta machafu

Neno "kuchakachua" halikuja bure katika lugha ya nchi hii. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na wajanja wakayachanganya. Mwaka 2010 Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata, na katika bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife.

Mwenye injini ya petroli aliyewekewa mafuta mabaya mara nyingi husikia injini inakohoa, anabadilisha plagi, anasafisha tangi, maisha yanaendelea. Mwenye dizeli hana bahati hiyo. Pampu na nozeli zake hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikiingia mafuta ya taa, petroli au maji, vyuma vinasagana vikavu. Injini za kisasa, ambazo pampu yake inasukuma kwa shinikizo kubwa mno, ndizo zinazokufa haraka zaidi. Kwa hiyo anayenunua dizeli mpya kwa ajili ya toki yake anunue pia nidhamu: kituo kinachoaminika, risiti mkononi, chujio la dizeli kubadilishwa kwa wakati na maji kumwagwa kwenye chujio. Dizeli ya "kidumu" kando ya barabara kuu ni rahisi mpaka siku ya kwenda kwa fundi pampu.

Dereva naye ni sehemu ya injini

Gari sahihi mikononi mwa dereva asiyeelewa tofauti hii ni fedha iliyotupwa. Dereva aliyezoea Noah ya petroli akipewa Canter, anaipigia kelele hadi mwisho kabla ya kubadili gia. Anaunguza mafuta bure, kwa sababu toki ya dizeli ilishapita zamani, huko juu kuna makelele tu. Kwa dizeli nyingi za mizigo midogo, kazi nzuri iko kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Dereva wa dizeli naye akipewa petroli anaikaba: anapanda mlima kwa gia kubwa, mizunguko ya chini, injini inatetemeka na kugonga. Petroli mlimani haina budi kuachwa izunguke. Gia ishushwe mapema kabla gari halijaishiwa pumzi.

Wakati wa kuteremka somo linageuka. Kwa kuwa injini ya dizeli haina mlango wa hewa unaobana, ikiachiwa mafuta inazuia gari kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo sababu malori hufungwa breki ya eksozi. Anayeshuka Kitonga au Sekenke na mzigo atumie breki hiyo na gia ndogo kuanzia juu, si baada ya breki za miguu kuanza kunuka. Na mwenye turbo akifika juu ya mlima asizime injini ghafla. Aiache ingurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe huku oili ikiendelea kuzunguka.

Shambani kanuni ni ileile

Maduka yanayouza spea na injini Kariakoo na Gerezani huuza pia pampu za maji na injini za kusagia. Mkulima asiache somo hili mlangoni. Pampu ya kumwagilia inahitaji mwendo: kadiri inavyozunguka haraka ndivyo inavyosukuma maji. Pampu ndogo ya petroli ya mizunguko 3,600 ni nyepesi, inabebwa kwa baiskeli, na kwa robo eka ya mchicha inayomwagiliwa saa moja moja inatosha. Anayemwagilia saa sita kila siku anahitaji dizeli, kwa sababu ya mafuta na kwa sababu ya kudumu.

Mashine ya kusaga ni habari nyingine. Kila mahindi yanapoanguka kwa wingi mashine inataka kusimama, na kinachoizuia isisimame ni toki na uzito wa gurudumu zito linalozunguka. Hapo injini ya dizeli ya silinda moja, inayozunguka polepole na kwa uzito, haina mpinzani pale ambapo umeme haujafika. Mwenye mashine aliyeshawishika na petroli ya farasi walewale kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu ameshajifunza somo hili kwa kuunguza injini.

Nini kifanyike

Kwanza, wauzaji wa magari ya mizigo na mashine waandike toki na mizunguko yake kwenye bango la bei, kama wanavyoandika mwaka na cc. Namba hizo zipo kwenye vitabu vya watengenezaji; kinachokosekana ni nia.

Pili, SACCOS, VICOBA na benki zinazokopesha gari la kazi zimuulize mkopaji maswali matatu: mzigo kilo ngapi, kilomita ngapi kwa mwezi, na barabara ina milima au tambarare. Majibu hayo yanaonyesha kama mkopo utalipika kuliko picha ya gari iliyoambatanishwa kwenye fomu. Gari lisilofaa kazi yake ni mkopo mbovu uliovaa namba za usajili.

Tatu, mnunuzi asikubali kujaribu gari tupu Barabara ya Msimbazi. Gari tupu kwenye tambarare halina siri, kila injini huko ni nzuri. Apakie mzigo anaokusudia kubeba, atafute mwinuko, asimame katikati, kisha aondoke. Injini inayoondoka kwa utulivu bila kupiga kelele wala kunusisha klachi ndiyo itakayomlipa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ameshajibu swali.

Wapagazi walioipa Kariakoo jina lake hawakuulizwa wana mbio kiasi gani. Waliulizwa wanaweza kuinua nini, na kukifikisha wapi. Anayekwenda kununua injini mwaka huu aulize hivyohivyo.